Kulabu ya Mkono wa Kushoto

Karakana ya Mjomba,
Nyuma ya kinu cha unga.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Dada Mashoto Mkubwa,

Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na mapacha. Hamjambo? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimepoa? Usinijibu kwamba hujambo kwa mazoea tu, maana nakujua, wewe hata ukiwa umelazwa utasema hujambo. Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Shemeji naye mwambie ule mgongo wake anaousingizia kila maji yanapotakiwa kubebwa tunaujua vizuri.

Huku mimi ni mzima wa mwili. Paka ni mzima, amezidi uvivu, panya wanapita mbele yake anawatazama kama wageni waheshimiwa. Lile bati linalovuja juu ya fuawe, pale tunapofulia chuma, bado linavuja palepale, na Mjomba bado anasema ataliziba kesho. Mjomba mwenyewe, baba yako, ni mzima. Naomba sentensi hiyo uisome tena kabla hujaendelea.

Sasa nije kwenye lile lililokufanya uandike kwa haraka hata ukasahau kunisalimia. Unasema yule jirani yetu mshonaji, alipopita huko kwenu, alikuambia amemwona baba yako kule kituoni kwa wenye magari akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, mkono unatetemeka na chai inamwagikia kifuani. Unasema huo ni ugonjwa wa kupooza umeanza. Unasema umekata shauri: unakuja na shemeji mwisho wa mwezi, mnamchukua mzee akae kwenu karibu na hospitali, karakana ifungwe na vyombo wapewe wanaovitaka. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa nikaisoma upya.

Dada, usije kumchukua. Mkono wa kulia wa baba yako hauna ugonjwa wowote, una nguvu kuliko wangu. Mgonjwa hapa ni mimi, na ugonjwa wenyewe uko kwenye ulimi. Hebu nikueleze tangu mwanzo, na nitajitahidi nisijipambe.

Unakumbuka jinsi farasi anavyofungwa kwenye gari. Anavaa mto wa ngozi shingoni, na kutoka kwenye mto ule mikanda miwili minene inapita ubavuni, mmoja huku na mmoja huku, hadi kwenye gari. Mwisho wa kila mkanda una tundu, na tundu linavishwa kwenye pini ya chuma iliyopinda. Farasi akiwa amesimama, kuuvua mkanda ni kazi ya kitoto. Lakini akianguka, uzito wake na wa gari unauvuta mkanda, na pini inaung'ang'ania kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Hapo haivuki tena. Inabaki kisu, na kisu chenyewe uwe nacho, na ngozi yenyewe ikubali kukatika.

Tangu nianze kazi hii nimeona farasi wakiumia kwa sababu ya pini ile, na kila mara niliwaza kwamba lazima kuna njia. Basi mwaka huu njia nikaipata. Nilitengeneza kulabu yenye ulimi. Ulimi unashikiliwa na pete, pete imefungwa waya, na nyaya za pande zote mbili zinapita chini ya kiti cha mwendeshaji, zinakutana, zinatokeza kama kipande cha mkanda cha kushika. Ukiuvuta mkanda huo, pete zinateleza, ndimi zinaanguka, mikanda inachomoka na farasi yuko huru, hata kama amelala chini na gari limemwegemea. Dada, nilivimba kichwa. Kwa wiki nzima nilikuwa natembea mjini kama mtu aliyeleta mvua.

Ule mkanda wa kushika niliuweka kushoto mwa kiti. Hakuna aliyeniambia niuweke kushoto. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda huko wenyewe, kama wako ungekwenda, kama mikono yetu ilivyokuwa ikigongana na ya watu wengine tulipokaa mezani. Sikuona kwamba nimechagua kitu chochote.

Tuliijaribu humu karakanani. Tulijaza gunia mchanga, tukalivisha mikanda, tukalining'iniza kwenye mti wa paa. Mjomba alisimama nyuma ya gunia akilisukuma na kulitikisa ili lijifanye farasi mwenye hasira, hata akawa analia kifarasi, na unajua baba yako akianza mzaha haachi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kiti, upande wa mkanda. Nikivuta, gunia puu! Tunalipandisha tena. Nikivuta, puu! Kila mara Mjomba anapiga makofi.

Kisha akauliza kutoka kule nyuma ya gunia, "Umeijaribu kwa mikono yote miwili?"

Nikamwambia asubiri. Nikaushika mkanda kwa mikono yangu yote miwili kwa pamoja, nikavuta kwa nguvu zangu zote, gunia likaanguka kwa kishindo na vumbi likatujaa puani. "Naam, yote miwili!" nikamjibu kwa sauti. Akacheka, akafuta macho, tukaenda kula. Alikuwa ameuliza jambo moja, nami nikajibu jingine, na wote wawili tukanawa mikono tukiwa tumeridhika.

Mtu wa kwanza kuifunga kwenye gari lake alikuwa yule mwendesha gari tunayemwita Redio. Unamkumbuka, aliyeanza kuzungumza alipozaliwa na hajamaliza. Yule farasi jike wake wa kijivu, aitwaye Shemeji, bado alikuwa naye. Alikuwa akisema amempa jina hilo kwa sababu katika mashemeji wote aliojaliwa, ni huyu pekee asiyemwomba kitu. Redio aliipenda kulabu. Aliisifu kila kituo, akawaita wenzake waishike. Wenye magari wakakubaliana kwamba akimaliza nayo msimu wa mvua salama, wote wataiweka. Mimi nikaanza kuwaza ukubwa wa karakana na bati jipya.

Mvua ikaja. Siku hiyo Redio alikuwa anashuka na magunia ya unga ule mteremko wa mawe unaotoka kinuni, mawe yameloa yana utelezi. Shemeji akateleza miguu ya mbele, akaanguka, gari likaendelea kumsukuma kutoka nyuma. Sasa fikiri, Dada, fikiri kama watu wengine, siyo kama sisi. Mtu wa mkono wa kulia hushika hatamu kwa kushoto, ili kulia kubaki kwa ajili ya breki na mjeledi. Redio alikuwa amezizungusha hatamu kwenye mkono wa kushoto, na farasi alivyoanguka zikamkaza. Mkono uliokuwa huru ni wa kulia. Akaunyoosha kulia kutafuta mkanda. Kulia hakuna mkanda. Akapapasa ubao mtupu. Hadi alipofanikiwa kuuchomoa mkono wa kushoto, mti wa gari unaopita ubavuni mwa farasi ulikuwa umeshavunjika na kipande chake kimemchana Shemeji bega hadi ndani.

Hakufa. Bega limefunga, anatembea, anakula vizuri. Lakini gari hatalivuta tena. Redio mwenyewe aliruka akaumia goti kidogo, na sasa anaendesha gari la mwenzake kwa zamu.

Jioni hiyo walikuja karakanani, Redio na wenzake, wameloa chapachapa, wameibeba kulabu pamoja na kile kipande cha ubao wa kiti. Waliviweka juu ya fuawe. Redio hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akauliza tu, "Hii ilikuwa kazi ya nani? Tuseme hapa ndani, nani hasa aliyeipanga hivi?"

Unajua kwamba kila kinachotoka humu watu hukiita kazi ya Mjomba, kwa hiyo swali lilikuwa na nafasi ya kujibiwa vyovyote. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mjomba alikuwa ameutazama ule ubao kwa muda mfupi sana, akaona ni upande gani mkanda ulipotokea, akajua kila kitu. Akasema, "Ni yangu. Nilikosea mimi."

Na mimi je, nilifanya nini? Nilikwenda kwenye tanuri, nikashika mvukuto, nikaanza kuvukuta. Moto ulikuwa umezimwa tangu mchana. Nilikuwa napuliza majivu baridi mbele ya watu wazima, wakanitazama hadi walipoondoka.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza na sitaki nikutafutie maneno mazuri. Niliogopa. Niliona ile heshima yote niliyoipata mjini inatoka mlangoni, nikaacha mzee ailipie. Nikajiambia kesho nitasema. Kesho ilipofika nikaona aibu ya kusema leo imeongezewa aibu ya kutosema jana, nikaahirisha. Ndivyo nilivyokwenda, siku hadi siku, na kila siku ikawa nzito kuliko iliyopita.

Basi baada ya hapo ndipo mambo ya mkono wa kushoto yalipoanza. Asubuhi yake Mjomba alikwenda kituoni kuwapa pole, wakampa chai, naye akapokea kikombe kwa kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama mbali. Chai yote ikamwagikia kwenye shati. Wiki iliyofuata akawa anapiga nyundo kwa kushoto na kujigonga vidole. Nilishtuka kama ulivyoshtuka wewe, nikawaza ugonjwa uleule uliouwaza wewe. Nilipomuuliza alisema, "Nanyoosha viungo, kijana. Uzee huo." Nikamwomba twende kwa daktari, akaniambia niende mimi, niangaliwe uso, maana umenishuka kama nimefiwa.

Nilichelewa kuelewa, na kilichonifumbua macho ni ule mkasi wako. Unaujua ninaousema: mkasi wa kukatia ngozi aliokufulia ulipokuwa mdogo, ukalia kwamba mikasi ya watu wengine inakuuma vidole, naye akakaa akafua mmoja uliogeuzwa, wa mashoto. Siku moja nilimkuta ameushika, anahangaika kukata mkanda, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wawili wa wale wenye magari walikuwa wameleta lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, ya kuungwa, wamesimama pale. Walipoondoka akaingia mwenye kinu kudai bawaba zake. Mjomba akauweka mkasi wako chini, akachukua nyundo kwa mkono wa kulia, akamaliza bawaba zote bila kukosea pigo.

Mbele ya wenye magari, kushoto. Mbele ya mtu mwingine yeyote, kulia. Ndipo nikaelewa, Dada. Kulabu ile mtu yeyote akiitazama anaona imepangwa na mtu wa mashoto. Mzee alijua kwamba uongo wake una kasoro moja, nayo ni mkono wake. Kwa hiyo akaamua kuubadilisha mkono. Nilitoka nje, nikakaa juu ya lile gurudumu bovu, nikalia hadi paka akaja kunitazama.

Ungedhani baada ya hapo nilikwenda moja kwa moja kusema. Sikwenda. Wenye magari walikuwa wamepunguza kuja, kisha wakaacha kabisa. Farasi walikuwa wanapitishwa mlangoni petu kwenda kuvishwa viatu kwingine. Mjomba alikuwa anakaa kwenye kiti chake mlangoni, ameshika nyundo kwa kushoto tayari, anasubiri mtu wa kumwonyesha. Mimi nilikuwa nampikia, namfulia yale mashati yenye madoa ya chai, nayasugua kuliko yanavyostahili. Nilidhani ni adhabu wanampa yeye, na adhabu hiyo ilikuwa yangu.

Nilichofanya badala ya kusema ni kazi. Niliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mshipi kwa kitambaa, nikakaa kwenye kiti cha gari kama mtu wa kulia. Nikajifunga hatamu mkononi, ule uliofungwa, nikajifanya farasi ameanguka. Mkono wa kulia ukaruka wenyewe, ukapapasa ubao mtupu. Nilikaa pale na mkono umenyooka hewani. Hapo ndipo nilipoijua kulabu yangu.

Siku kadhaa nikawa nafanya kila kitu kwa kulia, mkono mwingine umefungwa. Nilitaka kuona watu wengine wanaishije. Basi siku moja nimesimama kwenye fuawe, nyundo kwa kulia, napiga pembeni kuliko panapotakiwa, Mjomba naye anaingia na koleo na nyundo yake kwa kushoto kwa sababu amesikia kwato nje. Zilikuwa kwato za mbuzi. Tukabaki tunatazamana.

"Umeumia mkono?" akaniuliza.

"Hapana. Wewe je?"

"Hapana."

Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu mimi kicheko kikageuka kilio nikashindwa kukizuia. Akakifungua kile kitambaa mshipini mwangu kwa mkono wake wa kulia. Nikamwambia nakwenda kituoni sasa hivi, nasema. Akanikataza. Alisema, "Nilikuuliza vibaya. Nilisema mikono yote miwili, nilitakiwa kusema mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyelea mashoto wawili, nani alitakiwa kukumbuka kama siyo mimi?" Akaongeza kwamba yeye akipoteza wateja atapumzika, mimi nikipoteza sitapata tena, na kwamba hilo neno limekwisha. Unamjua akisema neno limekwisha. Nikamtii, na moyoni nilijua kwamba utii ule ulinifaa mno.

Ndipo ikaja barua yako. Nikaona kwamba sasa siyo wateja tu. Mzee atang'olewa nyumbani kwake, atapelekwa kupimwa ugonjwa asiokuwa nao, fuawe yake itagawiwa, naye atakubali yote na hatafungua mdomo, atakaa huko kwenu anakunywa chai kwa kushoto hadi afe, ili mimi nisiaibike. Juzi nikapiga moyo konde nikaenda kituoni.

Walikuwa wote pale, mvua imewakusanya chini ya paa. Nilimkuta Redio anazungumza, bila shaka. Nikasema mbele yao: kulabu ile nilipanga mimi, mkanda nikauweka kushoto kwa sababu mimi ni mashoto na sikumfikiria mtu mwingine, Mjomba hakuhusika, amenikinga tu nami nikanyamaza. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mwali. Redio akanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza watu kuisikia mvua mahali alipo yeye.

Kisha akasema, "Tulijua."

Nikamwambia, tangu lini?

"Tangu siku ileile. Mkanda uko kushoto, na mashoto hapa mjini ni wewe peke yako, mwenzako alishaolewa mbali. Halafu asubuhi mzee anakuja hapa, mtu tunayemjua miaka yote, anapokea kikombe kwa kushoto anajimwagia chai mbele yetu. Sisi hatuna macho?"

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie mzee yule kwamba anadanganya? Uthubutu huo wewe unao?"

Nikamuuliza kwa nini basi waliacha kuleta kazi, kama walijua si kosa lake. Redio akatazama pembeni. Aliyejibu ni mwenzake, yule mnene mwenye gari la maziwa. Akasema, "Kila tukija anashika nyundo kwa kushoto, anajigonga vidole. Ile ya mwisho alijigonga hadi damu. Tukaona bora tusije, vidole vipone. Tukawa tunakungoja wewe."

Dada, nimewahi kutukanwa, nimewahi hata kupigwa, lakini hakuna kilichonikata maini kama maneno hayo. Watu wale wote, na yule aliyelemazwa farasi wake, walikuwa wanavihurumia vidole vya baba yako, na mimi niliyekuwa nakula naye sahani moja nilikuwa natafuta njia ya kusema isiyokuwa na aibu.

Redio hakunisamehe, usidhani mambo yamekwisha kirahisi. Nilimwambia nimeipanga kulabu upya: sasa mkanda unapita mbele ya magoti ya mwendeshaji, kutoka upande hadi upande, unavutika kwa mkono wowote na hata kwa kusukumwa na mguu. Akasema ni vizuri, niwafungie wenzake kwanza, yeye ataitazama. Akasema tena Shemeji anapenda kuoshwa bega na maji ya uvuguvugu asubuhi. Hakuniomba, aliliacha tu neno hilo pale. Jana na leo nimekwenda kumwosha. Ananinusa mkono wa kushoto, kisha anageuza uso kula majani yake. Nitakuwa nakwenda. Sijui hadi lini.

Niliporudi nikamwambia Mjomba. Alikuwa na kikombe, kwa kulia, maana tulikuwa wawili tu. Kwanza akanikasirikia kwamba nimemvunjia neno. Baadaye akauliza, "Kumbe walijua?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akavitazama vidole vyake, kucha moja nyeusi, nyingine inaanguka. "Na hivi vyote je?" Nikashindwa kumtazama. Akamalizia chai, kisha akasema kitu nilichokuwa sikitegemei: kwamba anaona uvivu kurudi kwenye kulia, alikuwa ameanza kuuweza.

Kwa hiyo njoo, Dada, lakini njoo kututembelea. Usije na gari la kubebea vitu. Mjomba amesema kulabu mpya haitoki mlangoni kabla haijavutwa na mikono ya kila namna, mmoja mmoja, na mtu ameketi kwenye kiti na hatamu mkononi kweli. Wa kulia tunao wengi. Mashoto anayehesabika ni mimi, na mimi mwenyewe nimesema nisiaminiwe peke yangu. Njoo na mkono wako.

Na kama utanikasirikia, nikasirikie kwanza kwa barua ili nizoee. Una haki. Umekaa huko usiku kucha unaumia kwa ajili ya mkono mzima, kwa sababu yangu.

Nisalimie shemeji na mgongo wake, wasalimie mapacha, mwambie yule mkubwa kwamba farasi wa bati niliyemwahidi nimeshaanza kumfua na hana upande wa kushoto wala wa kulia, atamsukuma atakavyo. Msalimie na bibi yao, mkweo, mwambie nakumbuka mkate wake. Mungu awape afya na usingizi, na awafikishe huku salama, njia ikiwa kavu.

Mimi ndugu yako, nikupendaye kwa mkono uleule ulio wako,

Mashoto Mdogo.

Nilitaka kusahau: ukiiona bahasha, usishtuke. Anwani ameiandika baba yako kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia herufi zimepinda, utadhani ugonjwa umezidi. Akasema ndiyo maana nikuandikie humu ndani. Imemchukua muda mrefu na amechafua bahasha nyingine kabla ya hii. Ananiagiza nikuambie kwamba sasa ndiyo ameelewa kwa nini ulikuwa unachelewa kumaliza kuandika, na anakuomba radhi kwa kila siku aliyokuharakisha.